Robert Bakewell, Mfugaji wa Dishley

Mara nyingi tunaposoma maisha ya watu mashuhuri tunasoma habari za majemadari, wafalme na wasafiri. Leo nataka kuwasimulieni habari za mtu ambaye hakupigana vita, hakutawala nchi, wala hakugundua ziwa wala mlima. Alikuwa mfugaji tu, tena mfugaji aliyekaa katika shamba la kupanga. Hata hivyo mambo aliyoyafanya zizini kwake yaligeuza ng'ombe na kondoo wa Uingereza. Mpaka leo wataalamu wanaopima damu ya ndama kwa mashine ili wajue atakuwa ng'ombe wa namna gani wanaifuata njia aliyoitangulia yeye. Jina lake ni Robert Bakewell.

Nimemchagua mtu huyu kwa kuwa wengi wetu katika shule hii tumetoka katika nyumba zenye mifugo, na habari zake zinatuhusu kuliko tunavyodhani.

Bakewell alizaliwa mwaka 1725 mahali paitwapo Dishley, karibu na mji wa Loughborough, katika jimbo la Leicestershire, katikati ya Uingereza. Baba yake naye aliitwa Robert. Shamba lao lilikuwa na ekari 440 hivi, nalo halikuwa mali yao. Walimlipa kodi mwenye ardhi. Alipokuwa kijana alitembelea mashamba ya watu wengine, hapa na pale, akitazama jinsi wanavyolima na jinsi wanavyofuga. Safari hizo ndizo zilizokuwa shule yake kubwa. Kufikia mwaka 1760 usimamizi wa shamba la Dishley ulikuwa mikononi mwake.

Ili tufahamu ukubwa wa kazi yake, inatupasa kwanza kujua hali ya mifugo katika siku zile. Ng'ombe wa Uingereza alikuwa mnyama wa kazi nyingi. Dume alivuta plau, jike alikamuliwa maziwa, na nguvu zikiisha ndipo walipochinjwa. Kondoo alifugwa kwanza kwa ajili ya sufu yake. Watu walimsifu mnyama kwa urefu wa miguu na ukubwa wa mifupa, na habari ya nyama ilifikiriwa mwisho. Tena katika mahali pengi mifugo ya kijiji ilichungwa pamoja, madume kwa majike, hata ndama alipozaliwa mama yake alijulikana, lakini baba yake alikuwa yeyote aliyepita njia.

Basi miji ilikuwa inaanza kukua, na viwanda kuongezeka. Mfanyakazi wa kiwandani hana zizi. Nyama yake huinunua. Bakewell aliliona jambo hilo mapema. Akafikiri kwamba siku zinakuja ambapo mnyama hatauzwa kwa urefu wa mifupa yake, bali kwa nyama anayoitoa na kwa muda anaouchukua kuitoa. Akamtazama ng'ombe na kondoo kama kitu kinachogeuza majani kuwa chakula, akajiuliza ni yupi anayegeuza vizuri zaidi kwa majani machache zaidi.

Hatua yake ya kwanza ilikuwa kuyatenga madume. Wahenga wetu walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Bakewell alikwenda mbele zaidi: kwake hata fahali mmoja hakukaa na majike ila kwa siku iliyochaguliwa na kwa jike aliyechaguliwa. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo lililofungua mengine yote. Tangu siku hiyo kila ndama wa Dishley alikuwa na mama anayejulikana na baba anayejulikana.

Hatua ya pili ilikuwa kujua anachokitaka. Alitaka mnyama mwenye mifupa myembamba, kifua kama pipa na miguu mifupi, ambaye nyama yake imekaa mgongoni na mapajani, maana hiyo ndiyo mchinjaji huiuza kwa bei kubwa. Alitaka pia mnyama anayenenepa upesi, asile majani ya miaka minne kabla ya kufaa kuchinjwa.

Hatua ya tatu ndiyo iliyowashangaza majirani. Alipompata mnyama mwenye sifa alizozitaka, hakumpeleka mbali kumtafutia mwenzi wa ukoo mwingine. Alimpandisha kwa jamaa zake wa karibu, hata baba kwa binti, ili sifa ile ikae katika ukoo isiondoke. Watu wengi wa siku zile waliliona jambo hili kuwa baya na la hatari. Nao hawakukosea kabisa, kama nitakavyoeleza mbele. Lakini kwa njia hiyo Bakewell alipata kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho, yaani mifugo inayozaa watoto wanaofanana. Mnunuzi alijua anachokichukua.

Kwa upande wa ng'ombe alianza na ng'ombe wa pembe ndefu, ambao Waingereza huwaita Longhorn. Alipata mitamba kutoka Canley, katika jimbo la Warwickshire, na fahali kutoka Westmorland, upande wa kaskazini. Katika uzao wao akatoka fahali aliyeitwa Twopenny, yaani Peni Mbili. Jina lilikuwa la bei ndogo, lakini fahali mwenyewe alikuwa wa bei kubwa, na damu yake ikaenea katika ng'ombe bora wa aina ile.

Lakini kilichompatia sifa zaidi ni kondoo. Alichukua kondoo wa nchi yake wenye sufu ndefu, akawachagua mwaka hata mwaka, mpaka akapata kondoo walioitwa New Leicester, au kondoo wa Dishley. Kondoo hao walikuwa tayari kuchinjwa wakiwa na miaka miwili, wakati wengine walikuwa bado wanakula majani.

Hapa nataka msomaji asimame kidogo, maana jambo linalofuata ndilo lenye akili kuliko yote. Bakewell hakupenda kuwauza kondoo dume wake bora. Aliwakodisha. Mfugaji alikuja, akamchukua kondoo dume kwa msimu mmoja, akamrudisha. Mwanzo watu walimcheka, na kodi ilikuwa shilingi chache tu. Lakini tazama faida yake. Kondoo dume mmoja alipokwenda katika shamba hili mwaka huu na shamba lile mwaka ujao, aliacha watoto kwa majike mbalimbali na katika malisho mbalimbali. Bakewell alikwenda kuwatazama watoto hao. Dume ambaye watoto wake walikuwa wazuri kila mahali, huyo alimrudisha nyumbani akamtumia kwa kundi lake mwenyewe. Dume mzuri wa sura ambaye watoto wake walikuwa hafifu, alimwacha. Kwa maneno mengine, hakumpima mzazi kwa sura yake. Alimpima kwa watoto wake. Na gharama ya kipimo hicho ililipwa na wateja.

Kodi ile ya shilingi chache haikukaa hapo. Mwaka 1789 Bakewell alipata gini 1,200 kwa kukodisha kondoo dume watatu tu. Gini moja ilikuwa shilingi 21 za Kiingereza. Fedha hizo zilikuwa nyingi mno, na mwisho wa msimu kondoo walirudi kwake.

Nyumbani kwake palikuwa na chumba ambacho wageni hawakukisahau. Ukutani na mezani aliweka mifupa ya wanyama wake waliosifika, na vipande vya nyama vilivyohifadhiwa katika maji ya chumvi, vya babu, vya baba na vya mjukuu. Mgeni aliweza kuona kwa macho yake jinsi mifupa ilivyopungua unene kizazi baada ya kizazi, na jinsi mafuta na nyama vilivyokaa. Hakutegemea kumbukumbu ya kichwa peke yake. Alitaka kitu cha kushika na kupima.

Tena alikuwa mpole kwa wanyama. Arthur Young, mwandishi mashuhuri wa mambo ya kilimo, alifika Dishley akastaajabu kuona mafahali wakubwa wakiongozwa na watoto wenye fimbo ndogo. Bakewell hakuruhusu mnyama apigwe ovyo. Alichimba mifereji ya kumwagilia malisho, akapata majani mengi kuliko majirani zake. Hata mizizi ya kulishia ng'ombe wakati wa baridi aliitupa katika mfereji, nayo ikaelea mpaka karibu na zizi, ikafika imeoshwa.

Bakewell hakuoa. Dada yake Hannah ndiye aliyeitunza nyumba. Wageni walifika kutoka pande zote za Uingereza na nchi za Ulaya, na wote walikula na kulala pale. Ukarimu huo na gharama za majaribio yake vilimwelemea, na mwaka 1776 jina lake likatangazwa miongoni mwa watu waliofilisika. Mtu mwingine angeuza kondoo wote akaacha. Yeye alishikilia kazi yake, na umaarufu wake mkubwa ulikuja baada ya hapo. Alifuga pia farasi weusi wa kukokota mizigo, na mmoja wao alipelekwa London akaonyeshwa kwa mfalme George III.

Sasa lazima niseme na upande wake wa pili, maana maisha ya mtu yakisimuliwa kwa sifa tupu huwa si maisha bali ni wimbo wa harusi. Bakewell alikuwa msiri. Hakuandika kitabu. Hakuwaambia watu ni wanyama gani aliowachanganya mpaka akawapata kondoo wa Dishley. Watu walisimulia kwamba kondoo aliowauza kwa wachinjaji aliwapitisha kwanza katika malisho yenye maji mengi ili wapate ugonjwa wa ini, kusudi mtu asipate kuwageuza akawazalisha. Mwaka 1783 yeye na wenzake waliunda chama chao, Dishley Society, kilichoweka masharti ya kukodisha kondoo dume ili bei isishuke.

Robert Bakewell alifariki tarehe 1 Oktoba 1795, akiwa na umri wa miaka 70, akazikwa katika kanisa la Dishley. Kanisa hilo leo ni gofu. Siri ya kondoo wake ilizikwa pamoja naye, na hakuna anayeijua mpaka hivi leo.

Na ng'ombe wake wa pembe ndefu je? Hao ndio wanaotufundisha zaidi. Kwa kuwa Bakewell aliwachagua kwa unene na kwa wepesi wa kunenepa, ndicho alichokipata: unene. Maziwa yakapungua, na uzazi ukapungua. Haukupita muda mrefu baada ya kufa kwake wafugaji wakawaacha, wakageukia ng'ombe wa pembe fupi, waitwao Shorthorn, waliotoa nyama na maziwa pia. Lakini tazameni: ng'ombe hao wa pembe fupi waliendelezwa na ndugu wawili, Charles na Robert Colling, waliofuata njia za Dishley. Mwaka 1810 fahali wa Charles Colling aitwaye Comet aliuzwa kwa gini 1,000. Na mwaka 1822 George Coates akatoa kitabu kilichoorodhesha ng'ombe wa aina hiyo, kila mmoja na wazazi wake, kikasomwa na yeyote aliyetaka. Ng'ombe wa Bakewell walishindwa, lakini njia yake ilishinda, na ilishinda zaidi ilipotoka katika siri ikaingia katika daftari.

Hata Charles Darwin, alipotoa kitabu chake juu ya asili ya viumbe mwaka 1859, alimtaja Bakewell alipoeleza jinsi mwanadamu anavyoweza kuwageuza wanyama kwa kuwachagua. Lakini si Bakewell wala Darwin aliyejua ni kitu gani hasa kinachotoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Mlango huo uliguswa na mtawa Gregor Mendel, aliyepanda mbaazi za kizungu katika bustani ya utawa huko Brno, akatoa matokeo yake mwaka 1866. Dunia haikumsikiliza mpaka mwaka 1900. Kisha mwaka 1953 umbo la vinasaba, yaani DNA, likajulikana.

Hapa ndipo Bakewell anapokutana na wataalamu wa leo. Nitaeleza kwa kadiri nilivyofahamu katika masomo yetu ya baiolojia.

Ndani ya kila chembe ya mwili wa ng'ombe kuna kromosomu 60, jozi 30. Nusu zimetoka kwa baba na nusu kwa mama. Humo mna maandishi marefu ya vinasaba, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu, na urefu wake ni herufi kama bilioni tatu. Ng'ombe wawili wakilinganishwa, karibu maandishi yote ni sawa. Lakini hapa na pale herufi moja imebadilika. Mahali hapo penye tofauti ndipo paitwapo alama ya jeni.

Alama yenyewe mara nyingi si sababu ya sifa tunayoitafuta. Iko jirani na sababu hiyo, na vitu vilivyo jirani katika kromosomu hurithiwa pamoja. Ni kama unapomwelekeza mgeni nyumbani kwenu. Humwambii namba ya nyumba, bali unamwambia aufuate mwembe mkubwa. Mwembe si nyumba, lakini aliyeuona mwembe ameikaribia nyumba. Vivyo hivyo mtaalamu akiiona alama fulani katika damu au katika mzizi wa nywele za mkia wa ndama, hukisia kwamba jeni nzuri ya ukuaji, au ya nyama laini, iko karibu.

Faida yake ni wakati. Bakewell alimpima dume kwa watoto wake. Ukitaka kumpima fahali kwa njia hiyo, umngoje akue, umpandishe, ungoje miezi tisa ndama wazaliwe, kisha uwangoje nao wakue. Hiyo ni miaka mitano hivi, na huenda mwishoni ukaona kwamba umepoteza majani yako. Tena sifa nyingine, kama ulaini wa nyama, huwezi kuzijua mpaka umchinje mnyama, na fahali aliyechinjwa hazai. Alama za jeni humwezesha mfugaji kukisia mambo hayo ndama akiwa bado ananyonya. Mwaka 2001 wataalamu walionyesha kwa hesabu kwamba inafaa kutumia alama nyingi kwa pamoja, badala ya kutafuta moja moja. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba maandishi yote ya ng'ombe mmoja jike wa aina ya Hereford yamesomwa. Na miaka hiyohiyo vilipatikana vipimo vinavyosoma zaidi ya alama 50,000 za ng'ombe mmoja kwa mara moja.

Mtu atasema, basi kazi imekwisha. Macho ya mfugaji na daftari lake havina haja tena. La, hasha! Hapo ndipo pana kosa. Mashine husoma alama, lakini haijui maana yake. Maana hutoka kwa maelfu ya ng'ombe ambao kwanza walipimwa uzito, wakaandikwa siku ya kuzaliwa, wakatazamwa nyama yao, ndipo alama zao zikalinganishwa na sifa hizo. Pasipo watu kuandika, alama 50,000 ni kama barua ya lugha usiyoijua.

Tena mwembe wa kijiji hiki hauonyeshi nyumba ya kijiji kingine. Alama zilizopatikana kwa ng'ombe wa Ulaya hazitoi kisio la kuaminika kwa ng'ombe wetu wenye nundu, kwa sababu koo hizo ziliachana zamani sana. Anayetaka kuwafahamu ng'ombe wa kwetu lazima awapime na kuwaandika ng'ombe wa kwetu.

Na lile kosa la unene linarudi pia, likiwa na nguvu zaidi. Kule Ubelgiji wako ng'ombe waitwao Belgian Blue, wenye misuli iliyofura kupita kiasi. Mwaka 1997 iligunduliwa kwamba sababu ni jeni moja iliyoharibika, ambayo kazi yake ni kuzuia misuli isikue mno. Nyama ni nyingi kweli, lakini ndama ni wakubwa hata wengi wao hutolewa kwa kupasuliwa mama. Basi fikiria ng'ombe kama huyo katika nyika ya kwetu, mganga wa mifugo akiwa mbali! Ng'ombe wetu hana nyama nyingi kiasi hicho, lakini hustahimili jua, kupe na kiangazi, hutembea mbali kutafuta maji, na huzaa peke yake. Sifa hizo nazo zimo katika maandishi yake. Tukimchagua kwa kilo peke yake, tutazipoteza, kama Bakewell alivyoyapoteza maziwa.

Katika Afrika ya Mashariki kazi ya kuchagua si ngeni. Kenya wafugaji waliwachagua ng'ombe wa Boran mpaka wakasifika kwa nyama, na chama chao kiliundwa mwaka 1951. Tanzania tunao ng'ombe wa Mpwapwa, waliofanywa katika kituo cha utafiti huko Mpwapwa, Dodoma, kwa kuchanganya ng'ombe wa kwetu na wale wa asili ya India, kama Sahiwal na Red Sindhi. Kazi hizo zote zilifanywa na watu waliochagua na kuandika.

Sasa niseme neno juu ya nyumbani. Kwetu, kama kwa wengi wenu, fedha ikihitajika ghafla hutazamwa zizini yupi atakayepata bei nzuri mnadani. Aghalabu ni dume aliyekua upesi kuliko wenzake. Huyo ndiye huuzwa kabla hajapanda. Nilipokuwa nakuja kuanza kidato cha kwanza, dume wa namna hiyo aliuzwa likanunuliwa sanduku langu, godoro na sare. Nashukuru, wala sina neno juu ya wazazi wangu, maana haja ilikuwa haja. Lakini baada ya kusoma habari za Bakewell nimefikiri jambo moja. Dume hafifu, ambaye hapati mnunuzi, hubaki, na anayebaki ndiye anayekuwa baba wa ndama wa mwaka ujao. Mwaka hata mwaka tunachagua pasipo kujua kwamba tunachagua, na tunachagua kinyume.

Haja ya fedha haitakwisha. Lakini pengine inawezekana dume bora akaachwa apande msimu mmoja kabla ya kwenda mnadani, na yule hafifu akahasiwa mapema, anenepe, auzwe yeye. Au ndugu watatu wenye maboma ya karibu wakatumia dume mmoja bora kwa zamu, kama wateja wa Dishley walivyofanya na kondoo. Haya nayasema kwa heshima, nikijua kwamba wazee wetu wanayajua mengi nisiyoyajua.

Maana wazee si wajinga wa mambo haya. Babu yangu hajui kusoma, lakini likizo iliyopita nilimwomba anitajie ng'ombe wa zizini, nami nikaandika katika daftari la kurasa 48. Alinitajia kila ng'ombe kwa jina na rangi, mama yake, na mama wa mama yake, pia yupi aliyepona mwaka wa ukame na yupi hutupa mimba. Chumba cha Bakewell kilikuwa na mifupa. Kichwa cha babu kina ukoo mzima. Kila ng'ombe nilimpima pia mzunguko wa kifua kwa utepe, maana kwa kipimo hicho uzito waweza kukisiwa. Safu moja tu ilinishinda. Niliandika juu yake neno Baba, na katika ng'ombe 19 niliweza kuijaza kwa wanne. Waliobaki walipandwa malishoni au mtoni, na dume asiyejulikana ni wa nani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bakewell alikuwa na mali na akili, lakini kwa kuwa alificha, nusu ya akili yake ilipotea. Babu yangu hafichi. Ameniambia kila nilichomwuliza. Kinachopungua ni mtu wa kuuliza na kalamu.

Kwa hiyo, ndugu wanafunzi, likizo i karibu. Kila mmoja wetu mwenye mifugo kwao aende na daftari moja na utepe. Aandike jina la ng'ombe, mama, baba kama anajulikana, mwezi wa kuzaliwa, mzunguko wa kifua, na jambo lolote ambalo wazee watamwambia. Tukirudi muhula ujao tumwonyeshe mwalimu wetu wa baiolojia, tuyalinganishe. Na kama siku moja vipimo vya alama za jeni vitafika vijijini kwetu, tuwe tayari na kitu cha kuvisomea.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu